Viatu Vyeupe Chini ya Sinki

Nesi alikuwa na sinki la kuogea ambalo hakuwahi kuoga ndani yake. Lilikuwa la chuma, refu la kumlaza mtu mzima, jeupe kwa ndani, nalo lilisimama juu ya miguu minne mifupi yenye vidole kama vya paka. Yeye alioga kwa ndoo, kwenye bafu la mabati la uani, kama sisi wengine wote wa mtaa ule wa Mpanda. Lakini mabomba mawili ya sinki lile aliyafungua, akayasafisha na kuyafunga tena kwa mikono yake mwaka hadi mwaka, na fundi aliyejaribu kuyasogelea na spana aliambiwa akae sebuleni anywe chai.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka tisa. Nina tabia ya kutaka kujua, na majibu aliyowapa watu kuhusu sinki lile niliyaandika kwenye daftari. Hayakufanana. Mwenyekiti wa mtaa alipouliza, aliambiwa ni tangi la maji. Wanunuzi wa vyuma chakavu waliambiwa ni urithi, jambo ambalo si kweli, kwa sababu nyumba aliinunua kwa kiinua mgongo chake na sinki alilikuta humo. Mimi aliniambia maneno mawili tu: "Jirani, halitoki."

Nilidhani ni ukaidi. Siku moja aliponiita nimshikie tochi bafuni nilikwenda na kamba mfukoni, nikapima upana wa mlango, kisha upana wa sinki. Sinki lilizidi kwa shibiri nzima. Nyumba ile ni ya siku za mgodi, na waliojenga waliweka sinki kwanza, kuta zikafuata. Kulitoa ni kubomoa.

"Umemaliza kupima?" aliniuliza bila kugeuka. "Haya, shikilia tochi."

Bomba la kushoto lilikuwa na alama nyekundu, la kulia ya bluu. Mgeni angedhani jekundu ni la maji ya moto, na huenda zamani lilikuwa hivyo, maana nyuma ya nyumba kulikuwa na pipa lililoungua na mafiga ya matofali. Nesi alikuwa ameliunganisha jekundu na simtanki la maji ya mvua. La bluu lilileta maji ya mjini, siku yalipotoka. Mkwewe, mke wa mwanawe anayeishi Mwanza, alipokuja mara ya kwanza alisimama bafuni na taulo begani, amefungua jekundu, anasubiri lipate moto. Alisubiri sana. Nesi alikuwa sebuleni na kikombe chake, anajua kila kitu.

"Nilitaka nione atauliza lini," aliniambia baadaye. "Mtu asiyeuliza atasumbua."

"Akauliza?"

"Aliuliza. Ndio maana nampenda."

Kazi yake ilikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa fundi yeyote. Kwanza alitoka nje kwenye mita na kufunga koki kuu. Pili alifungua bomba liteme maji yaliyobaki kwenye mrija. Tatu alitandika kitambaa juu ya tundu la sinki, kwa sababu skrubu ikianguka humo haionekani tena. Ndipo alipochukua spana. Kila kipande kilichotoka alikilaza kwenye trei ya chuma yenye umbo la figo, ile manesi wanayowekea vifaa, kuanzia kushoto kwenda kulia kwa mpangilio wa kutoka. Wakati wa kurudisha alianzia kulia. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa trei. Paka wake aliigusa mara moja, akafungiwa jikoni hadi jioni.

Katika kila bomba la namna ile kuna kiduara cha mpira kinachokandamizwa kuzuia maji, mafundi wanakiita washa. Kikilika, bomba linadondosha. Washa za dukani hazikuenea kwenye mabomba yake, yalikuwa ya kizamani mno, kwa hiyo alizikata mwenyewe. Alijaribu kandambili, zikavimba. Akajaribu mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ukawa laini kupita kiasi. Mzee mmoja Msukuma wa Kasekese, ambaye wajukuu zake wawili walizaliwa mikononi mwa Nesi, alimletea ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa vizuri. Ngozi ilikaa miezi kadhaa, kisha ikaanza kunuka, na Nesi hakuvumilia harufu bafuni. Mwisho alikumbuka viatu vyake vyeupe vya kazini. Soli zake zilikuwa za mpira mgumu usiotaka kuisha.

Viatu hivyo viliishi chini ya sinki. Kila bomba lilipoumwa alikata duara moja kwa wembe, akatoboa katikati kwa msumari wa moto, kisha akapitisha ukingo wake kwenye mdomo wa chini kupima kama umekatika sawasawa. Vidole vinazoea, alisema, mdomo hauzoei. Nilipoviona mara ya kwanza, kiatu cha kushoto kilikuwa na mashimo safu mbili kama ubao wa bao. Cha kulia kilikuwa kizima.

Nimesema bomba lilipoumwa. Yeye asingekubali neno hilo. Kuna siku nilimsifu kwamba analitibu bomba kama mgonjwa, akanikata.

"Bomba si mgonjwa. Mgonjwa anadanganya. Unamwuliza umekunywa dawa, anasema nimekunywa, na dawa iko chini ya godoro. Bomba linavuja au halivuji."

Nilimwona pia akigongana na maneno yake mwenyewe. Kina mama wajawazito walikuja kumwona hata baada ya kustaafu, na wote aliwaambia jambo moja: msikae nyumbani mkijaribujaribu, nendeni hospitali mapema. Alikuwa mkali katika hilo. Mama mmoja wa Usevya aliyekuja na mzizi kwenye kanga alifukuzwa mpaka barabarani, kisha akasindikizwa hadi hospitali na Nesi mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini anawakataza wenzake kujitibu nyumbani na yeye bomba lake hampi fundi.

"Kwa mama nikikosea, anakufa," alisema. "Kwa bomba nikikosea, nalowa."

Sokoni alikuwa na mtu wake wa kutaniana, Alhaji mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nesi alikwenda kununua grisi na utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za mabomba, na kila mara Alhaji alijaribu kumwuzia zaidi.

"Nesi, bomba hilo lilikufa zamani. Lizike."

"Wewe uza misumari. Kufa na kupona niachie mimi."

"Tazama hili, jipya, robo mzunguko tu limefunga. Hata mtoto analiweza."

"Likiharibika?"

"Unatupa, unanunua jingine."

"Kumbe unaniuzia kutupa. Nipe grisi yangu, Alhaji, niende."

Alhaji alicheka kila mara kana kwamba analisikia kwa mara ya kwanza. Kisha alimwongezea utepe mmoja wa bure, naye Nesi aliupokea bila kushukuru.

Nilitaka kujua alijifunza wapi. Hilo alinisimulia siku ya mvua, simtanki likijaa na yeye akiwa na furaha. Kabla ya kuja mjini alifanya kazi kwenye zahanati ya kijiji kimoja ziwani, mbele ya Ikola. Chumba cha kuzalia kilikuwa na bomba moja, nalo lilidondosha. Fundi alikuwa amekwenda kuvua dagaa. Asubuhi moja mama mmoja alikuwa kwenye uchungu wa mtoto wa kwanza, na kila tone lilipoanguka kwenye ndoo alikuwa kama amepigwa. Akamshika Nesi mkono. "Nesi, zima hiyo sauti ndio nitazaa."

"Nikafanyaje? Nilichukua koleo la kushikia pamba, nikafungua bomba. Sijui chochote. Maji yakaniruka usoni. Nikakata kidole cha glavu, nikakikunja, nikakisokomeza, nikakaza. Kimya. Nageuka, mtoto kichwa hiki hapa."

Tangu siku hiyo hakuvumilia mdondoko. Alikuwa na sikio ambalo lilinishangaza. Akiwa amekaa barazani aliweza kusema ni bomba la nani linalovuja, na kama ni la kwenye ndoo au la kwenye saruji. Tena alitugombeza sana kwa desturi yetu moja. Mtaani kwetu maji yakikatika watu hatufungi bomba. Tunaliacha wazi juu ya ndoo tupu, ili yakirudi tuyasikie. Watu wengi wamefurikiwa kwa njia hiyo.

"Nyie mnaacha mlango wazi ili mwizi akija mumsikie," alisema.

Hata hivyo hakuwa mtu asiyekosea. Mita yake na yangu zilisimama pamoja nje ya ukuta, koki mbili zinafanana kama mapacha. Siku moja alitaka kufungua bomba la bluu, akatoka, akafunga koki, akarudi na spana. Alipolegeza shingo ya bomba maji yalipiga dari. Alikuwa amefunga koki yangu. Alihangaika, akafunga ya kwake, akasafisha, akasahau kabisa kunifungulia. Kwa siku mbili nilikaa bila maji nikiamini ni mgao. Siku ya tatu alibisha hodi na bakuli la dagaa wa ziwani.

"Hukuwa na mgao," alisema. "Nilikufungia mimi. Nimekumbuka leo naswaki."

Nilimwambia angeweza kunyamaza tu, nisingejua kamwe. Alinitazama kama mtu asiyeelewa nilichosema.

Ninaeleza haya ili ahadi yake ieleweke. Sikukuu moja mwanawe wa Mwanza alikuja na mkewe, nami nikaalikwa kula. Mwanawe ni mhasibu, mtu mpole, na alikuwa amerudi na neno lake la kila mwaka: mama anazeeka peke yake, mama ahamie Mwanza, chumba kipo. Nesi alimwacha amalize pilau. Kisha akasema mbele yetu sote:

"Siku nitakayoshindwa kulifunga bomba langu kwa mkono wangu, njoo unichukue. Sitabisha. Kabla ya siku hiyo, sitaki kusikia habari za chumba."

Mwanawe alikubali. Mtu mwingine angekuwa ametania, lakini sote tuliokuwa mezani tulijua kwamba Nesi neno lake lilikuwa mkataba. Kuanzia hapo bomba lile halikuwa bomba tu. Kila aliposalimiana na mwanawe kwenye simu, alisikia swali lilelile: "Mama, bomba?" Naye alijibu, "Kavu."

Aliongea na simu kwa sauti ya spika, kwa hiyo nami nilisikia mengi. Jioni moja katikati ya mazungumzo alinyamaza, akainamisha kichwa.

"Nini hicho kinachodondoka huko kwako?"

"Televisheni, mama."

"Hiyo televisheni yako iko bafuni, na inahitaji washa."

Mwanawe akabadilisha habari.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, joto likiwa kali na simtanki limekauka kitambo, nilianza kumwona Nesi akitoka nje kwenda kwenye mita mara kwa mara. Anainama, anafungua koki yake kwa kiganja, anaingia ndani, kisha anatoka tena kuifunga. Jumatatu moja nilikuwa nyumbani na mafua nikamhesabu: mara kumi na moja kabla ya saa sita mchana. Mtu mwenye bomba zima hafungi maji kwenye mita. Niliona pia maungio ya vidole vyake yamevimba, na kikombe anakibeba kwa viganja viwili. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Jumamosi ya wiki ile mwanawe alifika bila taarifa. Nilikuwa sebuleni kwa Nesi, nimempelekea mchele wa Usevya. Maji ya mjini yalikuwa yamekatika tangu alfajiri. Nilipokuwa natoka kwangu yalikuwa yameanza kurudi, uzi mwembamba tu, nami nililiacha bomba la uani wazi juu ya ndoo nikijua nitarudi kabla haijajaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hukupiga simu?"

"Ningepiga ungefagia."

Nesi alicheka kidogo. Mwanawe aliweka begi chini, akaenda moja kwa moja bafuni, nasi tukamfuata. Alizungusha jekundu. Tupu, kama alivyotarajia. Akaona la bluu limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akakivua, akalizungusha. Halikutoa kitu.

"Maji hayajarudi," alisema Nesi. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo vile.

Mwanawe alinigeukia. "Jirani, kwako yapo?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Nilimtazama Nesi, alikuwa anatazama miguu ya sinki.

"Hayajarudi," nilisema.

Tukiwa tumesimama hivyo, kupitia dirisha dogo la bafu, tukasikia maji yakimwagika juu ya saruji ya uani kwangu. Ndoo ilikuwa imejaa. Yalimwagika kwa nguvu, kama mtu anayefua.

"Nenda kafunge bomba lako," Nesi aliniambia.

Nilikwenda. Niliporudi na ndala zilizolowa, alikuwa ameshakwenda nje kwenye mita na kufungua koki kuu. Bomba la bluu lilikuwa linadondosha, tone baada ya tone, na sote watatu tulilitazama.

"Wiki ya sita hii," alimwambia mwanawe. "Vidole havishiki spana. Nilikuwa nafunga nje. Kwenye simu nilikuambia kavu, na lilikuwa kavu kwa sababu koki imefungwa. Huo ni uongo wa mgonjwa."

Mwanawe hakuwa na sura ya mtu aliyeshinda. Alikaa kwenye ukingo wa sinki, akashika tama.

"Usikae bure," mama yake akasema. "Nyumba inayodondoka siiachi. Kafunge koki, yangu ni ya kushoto. Jirani, toa trei."

Mhasibu yule akakunja mikono ya shati. Alishika spana kama anashika nyoka. Vipande vilipoanza kutoka alivipanga ovyo, mama yake akampiga kiganja.

"Kushoto kwenda kulia. Si umesoma?"

"Hii ndefu ni nini, mama?"

"Shingo. Usiivute, izungushe. Taratibu. Ndiyo hivyo."

Aliniagiza nitoe kiatu chini ya sinki. Cha kushoto kilikuwa kimekwisha zamani, na cha kulia nacho kilikuwa na mashimo hadi kisiginoni. Mwanawe alikata duara la kwanza, likatoka kama yai. La pili likachanika. La tatu Nesi alilipitisha kwenye mdomo wa chini, akafumba macho.

"Toboa."

Alipomaliza kukaza jasho lilikuwa linamtiririka. Nilikwenda kufungua koki, nikarudi. Nesi alituinulia mkono tunyamaze. Alisikiliza kwa muda mrefu. Hakuna tone lililoanguka.

"Limefunga, mama."

"Nasikia."

Mwanawe alifuta mikono kwenye suruali yake nzuri. "Basi baki," alisema. "Nimeona. Kichwa chako ni kizima, kinachokosekana ni vidole tu. Tutatafuta mtu wa kukusaidia hapa hapa."

"Nani amelifunga?"

"Mimi. Lakini kwa maneno yako."

"Nilisema kwa mkono wangu. Jirani alikuwepo, anakula pilau."

Nikaanza kusema kwamba maneno ya mezani si amri, kwamba mtu anaweza kuyapunguza. Akanigeukia.

"Wewe nyamaza. Umeshadanganya mara moja leo kwa ajili yangu. Asante. Usirudie."

Waliondoka Jumanne kwa treni ya Tabora. Asubuhi nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo, akanikabidhi funguo za nyumba na kunionyesha tena, kana kwamba sijui, koki ipi ni yake. Vitu alivyochukua vilikuwa vichache. Trei ilikuwa mezani, imefutwa inang'aa, na kile kiatu cheupe cha kulia alikuwa amekishika mkononi, anapima kwa jicho mpira uliobaki kwenye kisigino. Nilidhani ananiachia.

"Hiyo televisheni yako," alimwuliza mwanawe aliyekuwa mlangoni na begi. "Bado inadondoka?"

Mwanawe alinitazama mimi. Sikumsaidia. Akatazama dari, kisha mama yake.

"Inadondoka, mama. Wamekuja mafundi watatu."

Nesi alimwashiria aweke begi chini. Akalifungua, akatia kiatu ndani, akalaza trei juu yake, akamwambia alifunge.